Kutembea kwa Afya Garissa: Chagua Saa Kwanza, Njia Baadaye

Kinga ni bora kuliko tiba, na miongoni mwa kinga zote ni chache zilizo rahisi kama kutembea kwa miguu. Hakuhitaji mashine wala uwanja, na hakumgharimu mtu chochote ila viatu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari hutoka kwa daktari wakiwa na maagizo mawili: meza vidonge hivi, na utembee kila siku.

Agizo la pili ndilo lenye mashaka kwa mkazi wa Garissa. Atembee wapi, na saa ngapi? Vitabu vingi vinavyosifu matembezi viliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako jua ni rafiki. Mji wa Garissa umekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye nchi tambarare isiyozidi mita 200 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Mgonjwa wa moyo akilitii agizo la daktari saa saba mchana, kando ya barabara isiyo na mti hata mmoja, dawa yake yaweza kugeuka sumu.

Somo letu la leo linahusu namna ya kutembea kwa usalama katika mji wa Garissa na nchi inayouzunguka, kando ya mto Tana na kwenye nyika. Msomaji akisahau mengine yote, akumbuke hili moja: huku kwetu mtu huchagua saa kwanza, kisha ndipo achague njia.

KWA NINI TUTEMBEE?

Mfugaji aliyehama na ngamia wake kutoka kisima hadi kisima hakuhitaji kuambiwa atembee. Miguu yake ilikuwa ndiyo gari lake. Mjukuu wake aliyehamia mjini hukaa dukani kutwa, hupanda bodaboda kwenda msikitini, na jioni huketi tena barazani. Chakula nacho kimebadilika: wali, tambi, mandazi, na chai yenye sukari nyingi mara nne au tano kwa siku. Mwili unaopokea chakula kingi na kufanya kazi kidogo hulimbikiza mafuta, na hapo ndipo sukari na shinikizo la damu hupata mlango.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima ajishughulishe kwa mwendo wa wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ukigawanya, dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Watoto wa shule wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwendo wa wastani ni upi? Ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako bila kukatika, lakini ukijaribu kuimba pumzi haikutoshi. Mtu mwenye afya akitembea hivyo kwa nusu saa hufika kama kilomita mbili na nusu.

Faida zake zinajulikana. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Mishipa hulegea na shinikizo hupungua. Usingizi huja kwa urahisi, na mawazo mazito hupungua uzito.

JINSI MWILI UNAVYOPAMBANA NA JOTO

Mwili wa binadamu hupenda kubaki kwenye nyuzi 37. Unapotembea, misuli hutengeneza joto la ziada, na mwili hulazimika kulitoa. Hufanya hivyo kwa njia mbili kubwa. Kwanza, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili ipoe. Pili, ngozi hutoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto.

Yafaa ikumbukwe kwamba jasho halipozi mwili kwa kutoka, bali kwa kukauka. Hapa ndipo Garissa na pwani zinapotofautiana. Lamu hewa ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka likaloanisha shati, lakini halikauki upesi, kwa hiyo mtu huhisi joto ingawa kipimajoto hakijapanda sana. Garissa hewa ni kavu. Jasho hukauka papo hapo, kabla hujaliona. Mtu hujiangalia, akaona ngozi kavu, akadhani hajapoteza maji, kumbe amekwisha kupoteza lita nzima au zaidi katika saa moja ya mwendo wa jua. Chumvi nyeupe iliyoganda kwenye kofia au kwapani mwa shati ndiyo shahidi.

Mtu wa kilo 60 akipoteza lita moja na robo hivi ya maji, tayari nguvu zake zimepungua na moyo unaenda mbio. Damu imekuwa chache, na moyo unagombaniwa na wawili: ngozi inataka damu ili ipoe, na misuli inataka damu ili itembee. Kwa kijana hilo ni uchovu tu. Kwa mzee mwenye moyo mdhaifu, ni hatari ya kweli.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mwalimu au askari aliyehamishiwa Garissa kutoka Limuru au Nyahururu huhitaji kama siku 7 hadi 14 za kuzoea kidogo kidogo. Katika siku hizo mwili huanza kutoa jasho mapema na kubana chumvi isipotee. Anayeanza kwa pupa siku ya kwanza ndiye anayeanguka.

SAA YA KUTOKA

Kuna kipimo kisichohitaji saa wala redio, nacho ni kivuli chako. Simama mahali peupe, utazame kivuli chako ardhini. Kikiwa kirefu kukupita wewe, jua bado ni la upole. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali, rudi nyumbani au utafute mti. Kwa kukadiria, huku kwetu kivuli huwa kifupi kuliko mwenyewe kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na robo alasiri.

Lakini alasiri usikitegemee kivuli peke yake. Mwangaza wa jua hufikia ukali wake adhuhuri, ilhali ardhi na hewa huendelea kupata moto hadi saa tisa au saa kumi. Lami, mchanga na kuta za mawe huwa zimekunywa joto kutwa na sasa zinalitapika. Kwa sababu hiyo matembezi ya jioni yasianze kabla ya saa kumi na moja, na yale ya asubuhi ndiyo bora kuliko yote, maana ardhi imepoa usiku kucha. Toka mara jua linapochomoza, saa kumi na mbili na nusu hivi, na uwe umerudi kabla ya saa mbili na nusu.

Majira nayo yana neno lake. Jilaal, yaani kiangazi kirefu cha Januari hadi Machi, ndicho kigumu zaidi. Katika kipindi hicho punguza muda, usiongeze. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna afueni kidogo, na huo ndio wakati mzuri wa kuanza mazoea mapya.

Mwezi wa Ramadhani una saa zake. Anayefunga asitembee asubuhi, maana maji atakayopoteza hatayarudisha hadi magharibi. Afadhali atoke nusu saa kabla ya kufuturu, kwa mwendo wa pole, au baada ya tarawehe akiwa amekwisha kunywa. Mgonjwa wa kisukari azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

NJIA ZA KUTEMBEA

1. Mitaa ya mji. Njia ya anayeanza ni ile iliyo mlangoni pake. Garissa ina miarobaini mingi, na mtu anaweza kupanga mzunguko wa nusu saa unaotoka kwenye kivuli hadi kivuli. Faida ya mjini ni kwamba ukizidiwa, watu wapo, maji yapo na hospitali ipo karibu. Tembea upande unaotazamana na magari, na jioni vaa nguo ya rangi nyepesi ili madereva wakuone.

2. Kuelekea darajani. Kufika kwenye daraja la mto Tana na kutazama upande wa pili, Madogo, ni matembezi yanayopendwa na wengi. Upepo wa mto huburudisha. Lakini daraja hilo hubeba magari makubwa ya safari ndefu kati ya Garissa na Nairobi, basi usisimame barabarani kupiga picha, wala usishuke ukingoni.

3. Mashamba ya kando ya mto. Huku ndiko kwenye uzuri wa Garissa. Baada ya nyika ya kahawia, ghafla unakuta migomba, miembe, mipapai na matikiti yanayonyweshwa kwa pampu. Omba ruhusa kwa wenye mashamba, nao aghalabu hawakatai. Lakini hapa ndipo palipo na mtego. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hurejea mtoni alfajiri. Saa ile ile inayomfaa mtembezi ndiyo inayomfaa kiboko, na kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hana subira. Kwa hiyo usiingie kwenye vijia vya mtoni kabla jua halijachomoza vizuri, na uwe umetoka kabla jua halijaanza kuzama. Mamba nao hukaa kimya kwenye maji ya matope. Usichote maji, usinawe wala usiogelee ukingoni. Waulize wakulima, wao wanajua mahali mamba alipoonekana juzi.

Kuna adui mwingine wa majini asiyeonekana. Kwenye mifereji na madimbwi yasiyokwenda kasi huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, ugonjwa unaojulikana sana katika bonde la Tana. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya anayekanyaga maji. Dalili yake kuu ni kukojoa damu. Dawa ipo, na mtoto mwenye dalili hiyo apelekwe zahanati bila kuona haya.

4. Hifadhi ya twiga ya Bour-Algi. Kusini mwa mji, mwendo wa kilomita 5 hivi, ndiko kuliko hifadhi hii ya jamii. Wanaolindwa hapa ni twiga wenye mistari meupe iliyochorwa kama wavu, jamii ya twiga iliyopungua sana duniani. Pia huonekana swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili kula majani, na ngiri. Hapa ni pazuri kwa darasa la wanafunzi au kikundi cha kina mama. Kwenda na kurudi kwa miguu ni kilomita 10, kiasi kinachomzidi anayeanza. Afadhali kwenda kwa gari, kutembea saa moja, kisha kurudi kwa gari. Mfuate mlinzi wa hapo. Twiga ni mpole akiwa mbali, lakini teke lake laweza kumuua simba, basi mpe nafasi, hasa mwenye ndama.

5. Safari za mbali. Kuelekea Ijara, upande wa Masalani, ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, iliyoanzishwa mwaka 2007 kumlinda hirola, swala ambaye hapatikani kwa asili popote duniani ila mpakani mwa Kenya na Somalia. Waliosalia hawafiki 500. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa kwenye eneo lililozungushiwa ua ili wazaliane bila kuliwa na simba na chui. Jirani yake, kwenye misitu ya kando ya Tana, wanaishi tumbili wa aina mbili wasiopatikana kwingine: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Safari hizi si za mtu mmoja wala za kujiamulia asubuhi. Yapo maeneo ya mpakani na ya msitu wa Boni ambako usalama umekuwa mbaya kwa miaka mingi, na barabara zake zimewahi kutegwa mabomu. Uliza kwa maafisa wa utawala na wa KWS, uende na mwenyeji, na wakikwambia "siyo wiki hii," ukubali.

6. Kwa wanaoshuka Lamu. Mkazi wa Garissa akienda Lamu kwa likizo, asidhani amelikimbia joto. Njia ya kandokando ya bahari kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3 na inapendeza sana, lakini kwa ajili ya unyevu wa hewa aende polepole kuliko alivyozoea. Aulize pia saa za maji kujaa, maana bahari ikijaa sehemu ya njia hufunikwa.

MAJI, CHAKULA NA MIRAA

Kunywa vikombe viwili vya maji kabla ya kutoka. Ukiwa njiani kwenye joto, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 kinatosha, bila kungoja kiu. Usipite lita moja na nusu kwa saa moja, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi nayo huzimua chumvi ya damu na yaweza kumdhuru mtu. Wagonjwa wa moyo au figo waliopangiwa kiasi cha maji na daktari wafuate kiasi hicho.

Kipimo kizuri ni mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu yaliyofifia, maji yanatosha. Ukifanana na chai ya rangi, umekauka.

Kwa matembezi yanayopita saa moja, maji matupu hayatoshi. Beba tende chache na kitu chenye chumvi kidogo. Unaweza pia kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usizidishe chumvi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini awe na tende au sukari mfukoni kila atokapo, kwa sababu mwendo huishusha sukari ya damu.

Njiani wafugaji wakarimu huweza kukukaribisha maziwa ya ngamia. Ni chakula bora, lakini maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela, inayodumu na kuuma viungo. Yakichemshwa hayana neno.

Sasa tuseme waziwazi juu ya miraa. Miraa huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na joto la mwili, na wakati huo huo humsahaulisha mtu njaa na uchovu. Yaani huongeza mzigo na kuzima kengele. Anayetafuna miraa mchana kisha akatoka kufanya mazoezi jioni anauchapa moyo wake viboko viwili kwa pamoja. Ukitembea, usitafune.

Baadhi ya dawa nazo hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia joto, hasa zile za kukojosha na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za mafua. Usiache dawa yako. Mwulize daktari, "Nikitembea kwenye joto, dawa hii inanitaka nijihadhari vipi?"

MAVAZI NA VIATU

Nguo inayofaa ni pana, inayopitisha hewa. Kina mama wengi huuliza kama buibui jeusi halizidishi joto. Mwaka 1980 wanasayansi walilichunguza jambo hili kwa majoho ya Mabedui wa jangwani, wakaona kwamba joto linalofika kwenye ngozi ni sawa chini ya joho jeusi na chini ya jeupe, maadamu ni pana na upepo unapita ndani. Kwa hiyo upana una maana kuliko rangi. Nguo ya nailoni inayobana ndiyo mbaya. Mwanamume naye atapata raha kwenye macawis na shati pana kuliko kwenye suruali nzito ya jinzi.

Viatu ni jambo la kufa na kupona. Mti wa mathenge umeenea kando ya barabara na mtoni, na mwiba wake hupenya ndala kama sindano ipenyavyo kitambaa. Jeraha lake huvimba na kutunga usaha. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni huweza kutembea na mwiba siku mbili bila kujua, na kidonda hicho ndicho kinachoishia kwa mguu kukatwa. Vaa kiatu kilichofungwa chenye soli ngumu, na kila urudipo kagua nyayo zako, ukitumia kioo ikibidi. Hakikisha pia umechanjwa pepopunda.

HATARI ZA MAJIRA

Mvua za gu, kuanzia Aprili, na za deyr, kuanzia Oktoba, huigeuza nchi kuwa kijani, na watu hutoka kwa furaha. Lakini Tana hufurika. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Nairobi karibu na Madogo, na Aprili 2024, katika mafuriko mengine, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka na watu kadhaa wakapoteza maisha. Njia iliyofunikwa na maji si njia tena. Geuka urudi.

Baada ya mafuriko huja mbu. Malaria ipo, na pia homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Garissa mwishoni mwa 1997 kufuatia mvua za El Niño, ikarudi Desemba 2006 na kuua zaidi ya watu 150 nchini kufikia mwaka uliofuata. Mtembezi akimkuta mnyama aliyekufa au mimba iliyoharibika porini, asiguse. Atoe habari kwa afisa wa mifugo.

Jambo la mwisho ni vichuguu. Ndani ya nyufa zake huishi usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, anayeambukiza kala-azar. Ugonjwa huu ulizuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001. Usubi huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, basi usiketi juu ya kichuguu kupumzika nyakati hizo, wala usiwaache watoto wacheze hapo. Homa inayopita wiki mbili, tumbo linalojaa upande wa kushoto na mwili unaokonda, hiyo si malaria ya kawaida. Nenda ukapimwe.

HUDUMA YA KWANZA

Kuzidiwa na joto. Mtu anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na misuli inayokaza. Akili yake bado ni timamu. Mweke kivulini, mlaze, inua miguu yake, legeza nguo, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Kupigwa na joto. Hii ni hatari ya kifo. Joto la mwili limepita nyuzi 40, mgonjwa anaropoka, anayumba kama mlevi, anapata kifafa au amezimia. Ngozi yaweza kuwa kavu au yenye jasho. Usidanganyike na jasho. Kanuni ni hii: poza kwanza, safirisha baadaye. Ubongo unaungua, na kila dakika ina thamani. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa shuka au kipande cha katoni, weka barafu au vitambaa baridi shingoni, kwapani na kinenani. Endelea kumwagia hata ndani ya gari mkielekea Hospitali ya Rufaa ya Kaunti au kituo kilicho karibu. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni.

Kuumwa na nyoka. Kifutu hulala njiani bila kusogea, na koboko na swila pia wapo katika nyika yetu. Usichanje, usinyonye sumu, usikaze kamba, wala usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Mtulize mgonjwa, vua pete na bangili, funga kijiti kwenye kiungo ili kisisogee, na mumbebe, asitembee mwenyewe. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa, kisha nenda hospitali.

RATIBA YA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: dakika 15 kila asubuhi, siku tano, mjini tu.
Wiki ya pili: dakika 20, siku tano.
Wiki ya tatu: dakika 25, na siku moja ufike mashambani pamoja na wenzako.
Wiki ya nne: dakika 30, siku tano. Sasa umefikisha zile dakika 150.

Mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa, au mjamzito aliyekatazwa na daktari, apate ruhusa kwanza. Wengine wote waende wawili wawili au zaidi, waache habari nyumbani wanaelekea wapi na watarudi saa ngapi.

JIPIME

1. Jasho hupoza mwili kwa namna gani?
2. Kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Utafanyaje?
3. Kwa nini kijia cha mtoni ni hatari alfajiri?
4. Mwenzako anaropoka na kuyumba juani. Utaanza na nini?
5. Kuna ubaya gani kutafuna miraa kabla ya mazoezi?

Majibu: (1) Kwa kukauka juu ya ngozi. (2) Nitatafuta kivuli au kurudi nyumbani. (3) Viboko wanarejea majini. (4) Kumpoza kwa maji na kumpepea, ndipo nimsafirishe. (5) Huongeza mzigo wa moyo na joto la mwili, na kuzima dalili za uchovu.

Kata ratiba hii uibandike karibu na mlango. Kesho asubuhi, jua linapochomoza, vaa viatu vyako, kunywa maji yako, mwite jirani yako, na mtoke.